Moto Aliouona Mauwa

Ninaandika haya kwa mama ambaye binti yake amezaa na usingizi haumjii. Sisemi kukosa usingizi kwa sababu mtoto analia; hiyo tumeipita sote. Ninasema yule ambaye mtoto amelala, nyumba imetulia, na yeye amekaa macho wazi, siku ya tatu, siku ya nne, wala hasemi amechoka. Kama ndiye uliye naye nyumbani, acha kusoma. Mpeleke kwanza santé, zahanati iliyo karibu, halafu urudi umalizie. Maneno yangu hayataoza.

Mimi ni mama wa mji wa Baraka, mjane. Nimezaa saba, nimezika wawili. Shule niliachia darasa la tatu. Biblia ninaisoma, barua ninaiandika polepole. Ninaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, na kuziuza, na nina shamba la muhogo njia ya Lubondja. Watu husema mimi ni mkali. Ni kweli. Nililea peke yangu, na mkono laini haukufunga mlango wangu wakati wa vita.

Mauwa ni mtoto wangu wa mwisho. Aliolewa na Ebuela, mvuvi, kijana wa Ubwari, ambaye hukaa majuma mazima upande wa Kazimia akifuata samaki. Mimba yao ya kwanza ilikwenda vizuri. Mvua za kwanza ziliponyesha, Mauwa alizaa mtoto wa kiume pale santé, bila kupasuliwa, bila damu nyingi. Tulimwita Heri.

Kwetu mzazi wa kwanza hurudi kwa mama yake. Anakaa ndani, anakandwa kwa maji ya moto, anakula uji na samaki, hapiki, hafagii. Kazi yake ni kunyonyesha na kulala. Mauwa alinyonyesha. Kulala hakulala. Siku ya tano niliamka nikakuta uwanja umefagiwa, nguo za mtoto zimeanikwa, na sufuria zangu zote zimesuguliwa mchanga mpaka zinang'aa. Nilipomkemea akasema hasikii usingizi, mwili wake ni mwepesi. Jirani walipita wakaona zile sufuria. Wakaniambia, Mama Mauwa, wewe ulijua kulea. Nami nikajisifu. Nakumbuka mpaka leo maneno yangu: "Huyu nilimukunja angali mubichi."

Hilo ndilo kosa la kwanza. Nilikuwa nautazama ugonjwa usoni na nikauita adabu.

Siku ya tisa nilikuwa namkanda mgongo. Akageuka akanishika mkono wenye kitambaa. Akasema, "Mama, huyu mutoto iko anaungua."

Nikamgusa Heri kipaji, nikamgusa tumbo. Alikuwa baridi kama mtungi.

"Haungui."

"Haiko ku ngozi. Ni ndani. Naona moshi inatoka ku mudomo yake."

Nikamwambia, "Nyamaza. Muzazi hasemake maneno ya vile ju ya mutoto. Ukitaja, utaiita."

Akanyamaza. Mauwa ni mtoto wa kutii. Hakurudia tena neno la moto, na mimi nikafikiri nimemponya. Ila niliona anamfunika Heri kwa kitambaa kibichi kila saa, na mwenyewe anatetemeka midomo bila sauti. Nikampeleka kwenye chumba cha maombi cha jirani zetu. Tukashauriana tufunge siku tatu, bila kula wala kunywa mpaka jioni. Mwanamke anayenyonyesha, asiyelala, nikamfungisha. Sitamtupia mtu mwingine lawama hiyo. Maombi hayakuwa mabaya. Ubaya ni kwamba niliyatumia ili nisiende kukaa kwenye benchi la santé na kusema mbele ya bamama wengine kwamba binti yangu anaona moshi.

Asubuhi baada ya siku ya tatu nilikwenda kugeuza ndagala zangu mchangani, jua lilikuwa limeshapanda. Bamama walikuwa ziwani wanaosha vyombo. Walimwona Mauwa anakuja na mtoto mikononi, anaingia majini na nguo zake, taratibu, anaongea naye kwa sauti ya kubembeleza. Wakafikiri anamwogesha. Mmoja wao alipoona kwamba mikono yake haipandi, wakakimbia, lakini ilikuwa imekwisha.

Nilimkuta amekaa mchangani. Alikuwa amemfunga Heri vizuri katika kitenge, na kwa kiganja chake anamkinga jua lisimpige usoni. Uso wa binti yangu ulikuwa na raha ambayo sijaiona tena. Akaniambia, "Mama, imezimika. Musimuguse, alale."

Asubuhi hiyo sitaiandika zaidi.

Polisi walimchukua. Namshukuru Mungu walimchukua upesi, kwa sababu watu walikuwa wamejaa na mawe hayako mbali na mikono. Wakamweka kasho, mahabusu yao, chumba cha wanawake. Tukamzika Heri bila baba yake, kwa maana habari ilimfikia Kazimia siku mbili baadaye.

Sasa lazima nieleze desturi yetu, la sivyo hutaelewa nilichoharibu. Katika ukoo wetu, jambo la damu haliguswi kabla mtu wa upande uliofanya hajasimama mbele ya lubunga, nyumba wanamokaa wazee, akasema: kosa ni letu. Hasemi nani, hasemi kwa nini. Ni ufunguo tu. Bila ufunguo huo wazee watakaa kimya mpaka jua lizame, kisha kila mtu arudi kwake na chuki yake. Na neno hilo linatanguliwa na kuku, amefungwa miguu. Upande wa pili wakimfungua miguu akaenda zake, wamekataa; ni vita. Wakimchinja wakamla, wamejifunga kusikiliza jambo lile mpaka mwisho, hata likiwa chungu.

Kwa hiyo baada ya mazishi nilipanda boti na ndugu yangu mpaka Ubwari, kwa Mzee Asukulu, baba yake Ebuela, babu wa marehemu. Ndugu yangu alisema neno, mimi nikiwa nimepiga magoti mlangoni. Mzee alichukua kuku bila kunitazama. Hatukupewa hata maji.

Niliporudi Baraka niliitwa bureau, ofisi ya polisi, kusikilizwa. Yule afisa aliyeniuliza alikuwa na heshima, alinipa kiti. Aliuliza kama binti yangu ndiye aliyefanya. Mimi nikafunga kitenge changu vizuri, nikasimama kama mtu aliye lubunga, nikasema, "Kosa ni letu. Tunakubali."

Akauliza kama Mauwa alijua anachofanya, kama alikuwa amekusudia.

"Tunakubali yote."

Akaandika kwa Kifaransa. Akanisomea. Nilisikia jina langu na jina la Mauwa, mengine yakapita kama upepo. Akanionyesha mahali pa kuweka kidole. Naweza kuandika jina langu, lakini polepole, na yeye alikuwa ameshafungua wino, nikaona kidole ni rahisi. Nikarudi nyumbani na wino kwenye kidole gumba na moyo umetulia kidogo, kwa mara ya kwanza tangu ziwani. Nilimwambia jirani, nimefungua mlango.

Kumbe nilikuwa nimeufunga.

Kila siku nilikwenda kasho na chakula. Unakaa kwenye benchi refu lililobandikwa ukutani, na wengine wenye watu wao ndani, mpaka jina liitwe. Pale nilijifunza kungoja. Unajua mvua zimekolea kwa sababu bati linapiga kelele na hamsikii majina. Mama mmoja ambaye mume wake alikuwa ndani alizoea kufunua kapu langu la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na kuniita Koko, bibi. Akaniambia, "Koko, sombe ya vile? Nitaiba kitu leo leo, banifunge, ukuwe unaniletea." Nilimjibu kwamba sombe yangu haipewi wezi. Tukacheka, na mimi nikashangaa kwamba mdomo wangu bado unajua kucheka.

Ndani, Mauwa hakunitambua. Alinisalimia kama mtu wa njiani. Lakini kitu kilichonipiga zaidi ni maziwa. Mtoto alikuwa ameshazikwa juma zima, na maziwa yalikuja. Saa ya kunyonyesha ikifika matiti yalijaa yakawa kama mawe, nguo ikalowa mpaka tumboni. Mwili ulikuwa haujaambiwa. Nilimfunga kifua kwa kitambaa kigumu, nikamkamua kidogo kidogo asipate jipu, na yeye akitazama ukuta. Mwanamke mwingine aliyefungwa mle, aliyepigana na mke mwenzake, ndiye aliyekuwa akimwosha mimi nikiondoka. Hakuna aliyemtuma. Watu wa nje walimwita Mauwa mchawi, na yule mgomvi alikuwa anamsafisha maziwa.

Juma la tatu akaja avoka, wakili, msichana mwembamba anayesaidia wanawake waliofungwa. Alikaa nami kwenye benchi akasoma karatasi zake. Akaacha kusoma. Akauliza, "Koko, hiki kidole ni cha nani?"

Nikasema ni changu, na nikamweleza kwa majivuno kwamba nimekubali kosa kama inavyotakiwa.

Akanigeuzia karatasi. Halafu akanisomea kwa Kiswahili, neno kwa neno. Pale iliandikwa kwamba mimi, mama mzazi, nathibitisha kuwa binti yangu alimuua mtoto wake kwa kujua na kwa kukusudia. Akaniambia mtu aliyeua kwa kukusudia anaweza kumalizia maisha yake gerezani, au kuhukumiwa kufa. Akasema kuna sheria nyingine: mtu ambaye akili haikuwa yake saa ile, hahesabiwi kosa. Lakini jaji atauliza, kama alikuwa mgonjwa, kwa nini mama aliyelala naye nyumba moja alisema alijua?

Nilitazama kidole changu. Wino ulikuwa umeshatoka zamani. Niliona bado uko.

Avoka aliomba Mauwa aonwe na daktari wa wagonjwa wa akili. Daktari huyo alitoka Bukavu, na mvua zilikuwa zimekata barabara, tukamngoja. Alipofika hakuwa na haraka. Alikaa chini, kwenye mkeka, karibu na Mauwa, akamuuliza kuhusu moshi. Hakumwambia moshi haupo. Aliuliza ulianza lini, ulikuwa rangi gani, nani mwingine aliuona. Mauwa akamjibu yote. Nilikuwa mlangoni nasikia. Miaka ishirini na miwili nimekaa na mtoto huyu, na mgeni wa saa moja akapewa maneno ambayo mimi niliyafungia kinywani mwake.

Akaanza dawa. Sindano moja kubwa kila mwezi, na vidonge. Tangu hapo sikuhesabu tena miezi kwa mwezi wa mbinguni. Nilihesabu kwa sindano.

Baada ya sindano ya kwanza Mauwa alilala. Alilala siku mbili, na mimi nikakaa kwenye benchi nikilia kwa furaha, watu wakafikiri amekufa. Kisha mwili wake ukabadilika. Uso ukavimba, mate yakawa yanamtoka pembeni, mikono ikawa inatetemeka hata kijiko kinagonga meno, akatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Nilimwambia daktari, hii dawa yenu imeniletea mtu mwingine. Akasema, "Mama, ngoja. Huyu mwingine ataondoka, wako atarudi." Akaongeza kidonge cha kupunguza kutetemeka. Sikumwamini.

Baada ya sindano ya pili nilileta bukari, ugali wetu wa muhogo, na sombe kama kawaida. Mauwa akaonja, akasukuma sahani. Akasema, "Mama, sombe haina chumvi."

Nilionja. Haikuwa na chumvi. Nilikuwa nimesahau, na siku zote zile ningeweza kumpa majani matupu asijue. Sijui kukueleza. Nimeona watu wamefufuliwa katika Biblia, nimesoma habari zao mara nyingi, lakini sikujua kwamba mtu anaweza kurudi kutoka kule akiulizia chumvi. Nilikimbia nje kuomba chumvi kwa bamama wa benchi, nikaitoa nguoni mwangu kama dhahabu.

Usifurahi haraka, wewe unayesoma. Akili ikirudi hairudi peke yake. Kesho yake Mauwa akaniuliza, "Mama, Heri iko wapi?" Na kabla sijajibu alikuwa ameshajua. Siku hiyo ndiyo tulimlilia Heri kweli, yeye na mimi na yule mgomvi, tumeshikana kwenye sakafu ya saruji. Daktari alikuwa ametuonya: saa hii ndiyo ya hatari, msimwache peke yake. Mlinzi aliniruhusu kukaa ndani mchana kutwa, na yule mgomvi alihamisha mkeka wake, akalala ameufunga mkono wa Mauwa kwenye mkono wake mwenyewe kwa kitambaa.

Mvua zikaisha. Karanga zikang'olewa. Avoka akasema majaji watakuja kuhukumu kesi hapa Baraka, na bado ile karatasi inatusumbua. Alitaka mtu wa kueleza mbele ya majaji maana ya neno "kosa ni letu". Mimi sitoshi, alisema. Mimi ni mama, nitaonekana nageuza ulimi. Anatakiwa mzee wa lubunga. Na bora awe wa upande uliofiwa.

Hapo nilielewa kwamba maisha ya binti yangu yako mkononi mwa Mzee Asukulu.

Nikapanda boti tena. Safari hii peke yangu, bila kuku. Nilimkuta anabangua karanga uwanjani, Ebuela yuko pembeni amekonda kama mkuki. Sikuwa nimemwona Ebuela tangu kabla ya msiba. Hakunisalimia. Nilipiga magoti nikaeleza yote, kidole, karatasi, majaji. Mzee akaendelea kubangua. Karanga ziliingia kwenye bakuli moja moja.

Mwisho akasema, "Mama Mauwa, ile kuku yako ilikuwa mugumu."

Akavunja karanga nyingine.

"Nilitafuna siku mbili. Meno yangu iko ngapi? Ulichagua ya uzee kusudi?"

Nikasema huyo ndiye jogoo pekee niliyekuwa naye.

"Niliikula," akasema. "Sikupenda. Mwanangu huyu aliniambia, fungua, iende. Mi nikachinja. Sasa nani atasema sikukula?"

Ebuela aliinuka akaingia ndani. Mzee akaniambia nirudi Baraka, na kwamba yeye akijifunga kusikiliza husikiliza mpaka mwisho, awe amependa au hakupenda. Kama atasema la kumsaidia Mauwa, hakusema. Nilivuka ziwa bila kujua.

Siku ya kesi walipanga viti chini ya hema kubwa. Watu walijaa mpaka barabarani. Mauwa alikaa mbele, amevimba, mikono amebana katikati ya mapaja isionekane inatetemeka. Mtu wa mashtaka alisema kwa sauti nzuri kwamba mwanamke huyu alingoja mama yake aondoke, na kwamba alimkinga mtoto na jua. Mtu anayejua kukinga jua anajua pia maji ni nini. Akainua karatasi yenye kidole changu.

Daktari akaulizwa, siku ile, alijua anachofanya? Alijibu polepole, nami nimeyashika maneno yake. Alisema Mauwa alijua ameshika mtoto, na alijua yale ni maji. Kitu ambacho hakukijua ni kwamba anaua. Ndani ya akili yake mtoto alikuwa anaungua, na mama yeyote anayeona mtoto wake anaungua atamtia majini. Alisema ugonjwa huu unawapata wazazi wachache, unakuja na kukosa usingizi, na hauchagui wenye roho mbaya.

Halafu nikaitwa mimi. Nikasema kidole ni changu, na maneno ni yangu, na afisa hakuandika uongo. Nikasema nilidhani niko lubunga. Watu wengine wakacheka. Jaji hakucheka.

Kisha nikaona Mzee Asukulu anapita katikati ya watu, amevaa koti lake la misiba. Ebuela alikuwa nyuma yake. Aliulizwa yeye ni nani.

"Mi njo babu ya ule mutoto alikufa."

Watu wa nyuma wakasimama ili wamwone.

Jaji akamwuliza maana ya neno lile. Mzee akasema, "Kwetu, mutu wetu akianguka ku muti wako akivunja mugongo, utakuja kwetu na kuku, utasema, kosa ni letu. Haiko kusema ulimusukuma. Ni kusema: tukae, tuongee. Huyu mama alisema vile kwangu. Akaenda kusema vile ku bureau. Alikosea mulango tu."

Jaji akauliza kama basi yeye, babu, anasema Mauwa hana kosa.

Mzee alimtazama Mauwa, mara ya kwanza tangu jambo lile. Akasema, "Ya ndani ya kichwa ya batu, mi sijue. Daktari njo anajua. Mi najua hii tu: nilikula kuku, na leo njo mwisho ya kusikiliza. Nimesikiliza. Sina vita na huyu mutoto."

Akarudi kukaa. Na hakukaa upande wa watu wake. Mahali palipokuwa wazi ni karibu yangu, akakaa pale, na harufu ya karanga ilikuwa bado kwenye koti. Sikuthubutu kugeuza shingo. Niliwahi kuogopa mbele za Mungu kanisani, lakini siku ile niliogopa mbele ya mtu, kwa wema wake.

Hukumu ilisomwa siku chache baadaye. Jaji aliisema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kwa ajili yangu nadhani. Alisema kitendo kilifanyika, mtoto amekufa, na hilo halifutiki. Lakini saa ile akili ya mama haikuwepo, na pasipo akili sheria haioni kosa. Arudi nyumbani, aendelee na matibabu, asiyaache. Mauwa hakupiga kelele wala hakutabasamu. Aliniuliza yule mgomvi sasa atalala kando ya mkeka wa nani.

Kiangazi chote kilipita tukienda santé kwa sindano. Tulikaa benchi lile lile nililolikimbia. Bamama wengine walisogeza watoto wao tulipokaa. Sikuwalaumu, ila nilikaa palepale. Infirmière mmoja, muuguzi wa pale, alizoea kumwita Mauwa kwanza, akimtania kwamba mtu wa sindano hawezi kungoja, sindano inaona aibu. Uvimbe wa uso ulipungua. Mate yaliisha. Daktari alipunguza dawa, mikono ikabaki inatetemeka asubuhi tu. Baada ya sindano ya saba Ebuela alianza kupita kwetu. Hakuingia. Alitundika samaki wawili wa mikeke mlangoni, akaenda. Sindano ya tisa akakaa. Wameanza kula sahani moja. Mengine ni yao. Wameambiwa mimba nyingine ikija wamwambie daktari mapema, mapema kabisa, kwa sababu moto huu unajua njia ya kurudi.

Lakini katika nyumba yangu palikuwa na ukimya. Mauwa alinitii, alinipikia, alinisalimia vizuri. Hakuniambia kitu. Nilijua kwa nini. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Basi mvua zilipoanza tena, mwaka mzima umetimia, nilichukua kuku. Nilimfunga miguu. Nilitoka nyuma ya nyumba, nikazunguka mpaka mlango wa mbele, nikapiga magoti kwenye kizingiti cha nyumba yangu mwenyewe kama mgeni. Mauwa alikuwa ndani anachambua sombe. Aliinua macho.

"Mama, unafanya nini? Inuka, batu batakuona."

Nikasema, "Kosa ni langu."

Desturi inataka uishie hapo. Mimi nikaendelea. Nikasema, "Uliniambia unaona moto. Nikakuambia nyamaza."

Nikamweka kuku chini, kati yetu. Mauwa akaweka sombe kando. Kisha mikono yake ikaenda kwenye kamba ya miguu, na alikuwa na haki ya kuifungua. Mikono haikuifungua. Alimshika kuku, akampapasa kifua kama mwanamke anayenunua sokoni.

"Huyu naye atakuwa mugumu," akasema. "Weka maji mingi ku moto."

Tulimpika mpaka mchana. Mauwa alikula paja, akanipa mimi kifua. Nilisema yangu yote, na ya sufuria zilizosuguliwa, na ya kumfungisha. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyojifunga.

Halafu aliosha mikono, akaniambia moto ule ulikuwa na rangi gani. Alianzia siku ya tatu baada ya kuzaa. Alisema kwa muda mrefu sana. Mimi nilikaa, sikumkatiza.